Jinsi ya Kuendesha Siku ya Kazi katika Uchimbaji wa Akiolojia

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi na wasaidizi wanaoondoka Nairobi kwenda kuchimba kwa mara ya kwanza, iwe ni kwenye miamba ya Lukenya karibu na Mto Athi, bondeni Olorgesailie kando ya Barabara ya Magadi, au katika kiwanja cha mjini ambako mkandarasi ameegesha tingatinga na anauliza kila asubuhi mtamaliza lini. Namna ya kushika mwiko, kile chombo chenye bapa la chuma cha kukwangulia udongo, hufundishwa kwa siku mbili, na namna ya kupima kina hufundishwa kwa siku moja. Kinachomchosha mgeni ni jambo jingine: kila baada ya dakika chache analazimika kuamua, naye anaamua juu ya udongo ambao ukishatiwa kwenye karai hauwezi kurudishwa ulikokuwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu wakati wa kuusimamisha mkono, maana makosa niliyoyaona kazini, yakiwemo yangu mwenyewe, mengi yalitokana na mkono ulioendelea na machache sana na mkono uliongoja.

Kabla ya kuondoka Nairobi

Hakuna anayeruhusiwa kuchimba mabaki ya kale nchini Kenya kwa sababu tu mwenye shamba amekubali. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Urithi ya mwaka 2006 inataka leseni, na mtafiti huanza kwa kupata kibali cha utafiti kutoka Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI) kabla ya kuomba ile ya kuchimba. Vitu vitakavyopatikana havitakuwa vyako wala vya chuo chako, bali vitakabidhiwa kwa Makumbusho ya Kitaifa. Jambo hili lina uzito hata kabla hujafungasha mizigo, kwa kuwa ukijua kwamba mfuko wako utafunguliwa miaka 30 ijayo na mtu usiyemjua, hutaandika lebo kwa vifupisho unavyovielewa peke yako.

Maeneo ya kale katika sehemu hii ya Afrika hutambuliwa kwa herufi nne na namba. Yale ya Lukenya, kwa mfano, huanza na GvJm. Herufi mbili za kwanza huonyesha mahali kutoka kaskazini kwenda kusini, na mbili za pili kutoka magharibi kwenda mashariki. Alama hiyo iandikwe kwenye kila lebo, pamoja na mraba (kipande cha eneo kilichopimwa kwa uzi na kuchimbwa peke yake), kina, tarehe na jina la mchimbaji. Tumia penseli, kwa sababu wino wa kalamu hutawanyika mfuko ukipata unyevu. Lebo ziwe mbili, moja ndani ya mfuko na nyingine nje.

Vifaa vingi havihitaji kuagizwa ng'ambo. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji watakuuzia karai imara, na ukiwapelekea vipimo watakuundia fremu za chekeche. Waya wenye matundu ya milimita 5 unatosha kwa kazi ya kawaida, na ule wa milimita 2 ni wa mahali penye shanga, mifupa ya samaki na vipande vidogo vya mawe. Mwiko ndio unaotaka uangalifu. Ule wa mwashi wa kupigia plasta ni mpana mno, na ncha yake ikigusa mfupa uliolegea, utajua mfupa ulikuwepo baada ya kuukata. Tafuta mwiko mdogo, wenye bapa la sentimita 10 au 11, uliofuliwa pamoja na shingo yake, kwani uliochomelewa huachia shingoni kazi ikiwa imekolea. Vinginevyo beba uzi wa waashi, vigingi, timazi, pimamaji ndogo ya kuning'iniza kwenye uzi, tepu, brashi, vijiti vya mianzi vilivyochongwa kwa ajili ya mifupa, turubai, na chupa ya kunyunyizia maji. Chupa hiyo hudharauliwa sana, nami nitairudia hapa chini.

Saa moja asubuhi

Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua letu huchomoza mnamo saa kumi na mbili na nusu karibu mwaka mzima, na hupanda upesi. Kati ya saa moja na saa tatu mwanga huja kwa mshazari, na kila kingo, shimo dogo au tofauti ya udongo hutupa kivuli chake. Ikifika saa sita mwanga unashuka wima, sakafu yote ya shimo inaonekana ya rangi moja, na hata mtu mwenye uzoefu huanza kuona mipaka isiyokuwepo. Basi kazi ya kutazama na kupiga picha ifanywe asubuhi, na mchana uachiwe kuchekecha, kuosha vigae na kupanga mifuko kivulini. Nimewahi kufanya kazi katika kambi ambazo ratiba ilipangwa kwa kufuata saa ya chakula badala ya mwanga, na michoro yao ilionyesha hivyo.

Kabla ya mtu yeyote kuingia shimoni, turubai liinuliwe kwa kijiti, kwa sababu nyoka na nge hupenda joto lililobaki chini yake. Kuta zikaguliwe kama zimepata nyufa usiku. Rundo la udongo uliochimbwa liwe umbali wa mita moja au zaidi kutoka ukingoni, na shimo linapofika kifuani lichongwe ngazi au lishikiliwe kwa mbao, hata kama kufanya hivyo kutakula siku nzima. Hili halina mjadala. Kisha sakafu isafishwe, na picha ipigwe ikiwa na kipimo, mshale wa kaskazini na kibao chenye alama ya eneo.

Kikao cha asubuhi kisizidi dakika 10. Kila mraba uwe na mtu mmoja anayeujibia, na mtu huyo aseme swali ambalo mraba wake unajaribu kulijibu siku hiyo. "Leo tushuke sentimita 20" si swali. "Je, jivu tulilolikuta jana linaingia chini ya ukuta wa kaskazini, au linaishia kwenye lile jiwe?" ni swali, na mchimbaji aliyebeba swali la namna hiyo kichwani atasimama mahali panapostahili bila kuambiwa.

Kusoma udongo

Kanuni ya kwanza ni kufuata matabaka yanapoonekana, kuanzia la mwisho kuwekwa kwenda la kwanza. Pale yasipoonekana, kama ilivyo katika mapango na chini ya miamba mingi iliyoinama kama paa, ambako udongo wote ni wa kijivu kutoka juu hadi chini, shuka kwa vipimo vya sentimita 5 ukikipa kila kipimo namba yake. Lakini kipimo hicho ni msaada wa mtu asiyeona vizuri. Tabaka jipya likijitokeza ukiwa umeshuka sentimita 3 tu, funga namba hiyo hapo hapo, andika kwamba umeifunga kabla ya wakati na sababu yake, kisha fungua nyingine.

Mara nyingi mabadiliko hayaanzi na rangi. Fundi mmoja mzee kutoka Ukambani, ambaye amechimba na watafiti wengi kuliko ninaowajua mimi, aliniita asubuhi moja akasema, "Mwalimu, hapa mwiko unazama." Nilitazama nisione kitu, udongo ulikuwa wa hudhurungi ile ile. Akapitisha mwiko taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, akaniambia nisikilize. Kwanza ulikwaruza kama unavyokwaruza sufuria, kisha kwa upana wa kama kiganja kimoja ukanyamaza, halafu ukaanza kukwaruza tena.

Hapo ndipo mkono husimama, na utaratibu ni huu. Safisha eneo lote linalozunguka mahali pale, pana kuliko unavyodhani inahitajika, kwa kukwangua upande mmoja tu bila kurudisha mwiko ulikotoka, ili usipake udongo wa huku juu ya ule wa kule. Nyunyizia maji kidogo, kiasi cha umande. Ngoja dakika mbili au tatu. Udongo uliojaa shimoni huwa na mboji na nafasi za hewa zaidi, hivyo hukauka kwa mwendo wake, tofauti na ule ulioshikana pembeni, na kwa muda mfupi utaona duara ambalo halikuwepo. Lichore kwa ncha ya mwiko kabla halijatoweka, na upige picha.

Sasa amua ni nini. Shimo la nguzo huwa na kingo zilizosimama, na mara nyingine mawe ya kubania nguzo pembeni. Njia ya fuko au panya hupinda, hubadilika upana, na aghalabu huingia ukutani. Mzizi uliooza hupungua unene kadiri unavyoshuka na kugawanyika. Kisuguu cha kale huacha udongo laini ulioshikana, uliopitiwa na vijia vyembamba vya mchwa. Usichimbe duara lote kwa pamoja ili kujua jibu. Ligawe katikati kwa uzi, toa nusu moja tu, kisha utazame ukuta uliobaki. Umbo litajieleza lenyewe, nawe utakuwa na nusu ya pili ya kusahihisha kosa lako ikiwa nusu ya kwanza umeisoma vibaya.

Somo hili nililipata kwa aibu. Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa na mraba mmoja uliokuwa nyuma ya wenzake, nikaona doa jeusi kwenye kona, na kwa kuwa ilikuwa Ijumaa na gari la kurudi mjini lilikuwa likisubiri, nikashuka sentimita 10 zote mara moja na kutia kila kitu kwenye mfuko mmoja. Jumatatu, wakati wa kuosha, ndani ya vigae vya wafugaji wa kale tulikuta kifuniko cha chupa ya soda. Doa lile lilikuwa shimo la taka lililochimbwa na watu wa juzi tu. Kifuniko chenyewe hakikuwa na madhara. Madhara yalikuwa kwamba hakuna aliyeweza tena kusema vigae gani vilitoka ndani ya shimo la taka na vipi vilitoka nje yake. Mfuko mzima ukaandikwa "umechanganyika", na hivyo ndivyo ulivyobaki.

Wanaochimba kwenye tambarare za mashariki mwa Nairobi wanakabiliwa na tatizo la ziada, nalo ni ule udongo mweusi unaonata viatuni wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Nyufa zake zinaweza kushuka kwa kina kinachopita mkono, na kipande cha kigae kilichokuwa juu mwezi wa pili kinaweza kuwa kimeangukia chini sana ifikapo mwezi wa tatu, kisha mvua ikafunga mlango nyuma yake. Katika udongo huo kina peke yake si ushahidi wa umri. Andika kama kitu kilikuwa kimelala au kimesimama wima, maana kilichosimama wima huenda kilitumbukia.

Kitu kikionekana

Mgeni akiona jiwe zuri hulichomoa. Kamwe usilichomoe. Liache lilipo, safisha kandokando yake, chukua vipimo vyake vitatu, yaani umbali kutoka pande mbili za mraba pamoja na kina kutoka nukta ya rejea (alama isiyohama ambayo vina vyote hupimwa kutoka kwake), na ndipo uulize kama kuna kingine jirani yake. Kitu kimoja kilichopimwa mahali pake, kando ya majivu na mifupa iliyochomwa, kina habari kuliko kapu zima la vitu vilivyookotwa.

Namna ya kukitoa hutegemea kitakachofanyiwa baadaye, kwa hiyo uamuzi wa maabara hufanywa shimoni. Makaa ya kupimwa umri yasishikwe kwa vidole. Yachukuliwe kwa ncha ya mwiko safi na kufungwa kwenye karatasi ya foili. Kigae chenye ukoko wa chakula kisioshwe. Obsidiani, lile jiwe jeusi la kung'aa ambalo watu wa kale walilipata kwenye volkano za Bonde la Ufa, hasa upande wa Naivasha, lisitiwe vipande vingi katika mfuko mmoja, kwa sababu vitagongana garini, na mikwaruzo ya barabarani haitatofautishwa kwa urahisi na alama za matumizi ya mwenyewe wa kale.

Ni lazima pia kujua umri wa mahali unapochimba kabla ya kujitaabisha na sampuli. Kipimo cha kaboni 14, kinachosoma umri wa vitu vilivyokuwa hai kama makaa, hakifiki mbali zaidi ya takriban miaka 50,000. Katika matabaka ya juu ya Lukenya, basi, kipande cha makaa kinaweza kuwa kitu cha thamani kuliko vyote mtakavyovipata wiki hiyo. Olorgesailie, ambako mashoka ya mawe yana umri wa mamia ya maelfu ya miaka, kaboni haisaidii. Kinachotafutwa ni majivu ya volkano yaliyotua juu na chini ya tabaka, yapimwe umri kwa njia ya argoni, gesi inayojikusanya ndani ya madini ya volkano kadiri miaka inavyopita, na mchimbaji anayeyatupa majivu hayo akitafuta mawe anatupa saa ya ukutani.

Kuhusu chekeche, mjadala hauishi kambini. Kuchekecha kila karai kunapunguza mwendo, na siku yenye upepo vumbi lake halivumiliki. Msimamo wangu ni kwamba udongo wa tabaka lenye vitu uchekechwe wote, na ule wa juu uliovurugwa na jembe uchekechwe karai moja kati ya kila nne, mradi hesabu ya makarai iandikwe. Lukenya, ambako vifaa vingi ni vipande vidogo vya mawe meupe ya kwatzi yanayofanana na kokoto za kawaida, anayechekecha awe mtu mwenye macho makali, wala asiwe yule aliyepewa kazi hiyo kwa sababu amechelewa kufika.

Maamuzi makubwa

Baadhi ya maamuzi hayamhusu mchimbaji wa mraba peke yake, na bora ayapeleke kwa msimamizi mapema. La kwanza ni kuendelea au kuacha. Mfano ninaoutumia kufundishia ni wa pango la Panga ya Saidi, katika Kaunti ya Kilifi. Vipande vya mfupa vilionekana huko mwaka 2013, lakini shimo dogo lililovibeba halikufunuliwa lote hadi mwaka 2017, kiasi cha mita 3 chini ya sakafu ya pango. Mifupa ilikuwa imeoza kiasi kwamba kuisafisha pale pale kungeigeuza unga. Watafiti wakaamua kutoichimba. Waliimarisha udongo, wakafunika bonge zima kwa plasta, wakalileta Makumbusho Nairobi, na baadaye likapelekwa kwenye maabara ya Burgos, Hispania. Humo ndani alikuwamo mtoto wa takriban miaka mitatu aliyezikwa yapata miaka 78,000 iliyopita, kaburi la zamani kuliko yote yanayojulikana ya binadamu wa aina yetu barani Afrika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Kama mtu angekuwa na haraka ya kumaliza mraba, pangebaki doa la unga mweupe kwenye chekeche.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Olorgesailie, wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walipofanya kazi katika miaka ya 1940, waliacha mashoka mengi ya mawe yakiwa yamelala yalivyokutwa, na hadi leo mgeni anayeyatembelea huyatazama kutoka kwenye daraja la mbao. Utafiti uliendelea kwa miongo kadhaa kabla ya kipande cha fuvu la binadamu wa kale kupatikana huko mwaka 2003. Kila eneo liachiwe sehemu isiyoguswa, kwa sababu watakaokuja watakuwa na vipimo ambavyo sisi hatuna. Nikipanga mashimo, hukataa kuchimba zaidi ya robo ya eneo lote, hata fedha zikiruhusu.

Kuhusu wapi pa kuishia chini, usiamini tabaka tupu la kwanza. Shuka zaidi kwenye kona moja ya mraba, kiasi cha nusu mita, kwani mafuriko yanaweza kuweka tope safi juu ya makao ya watu wa awali zaidi.

Mifupa ya binadamu ikionekana ndani ya udongo usiojulikana umri, kazi isimame, pafunikwe, na polisi pamoja na Makumbusho wajulishwe siku hiyo hiyo. Mzee wa mtaa au kijiji ajulishwe pia, kabla hajasikia kwa wengine. Hakuna picha ya simu inayotumwa popote.

Mjini kuna jambo la kisheria linalowashangaza wengi. Sheria huhesabu kitu kinachohamishika kuwa cha kale kama kilitengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895, ilhali reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Kwa hiyo chupa na vyombo vya kaure vya Nairobi ya kwanza haviingii katika kundi hilo moja kwa moja. Mimi huviandikisha hata hivyo, kwa sababu tabaka la taka za wakati wa reli linapokuwa zima linaonyesha kwamba kilicho chini yake hakijavurugwa na msingi wa jengo. Mkandarasi akikubali, mwombe atumie ndoo ya tingatinga isiyo na meno, akwangue kidogo kidogo, nawe usimame mahali ambapo dereva anakuona.

Kufunga siku

Saa tisa na nusu uchimbaji usimame, hata kama kitu kimeanza kuonekana. Hasa kama kitu kimeanza kuonekana. Muda uliobaki ni wa kuchora kuta kwenye karatasi ya miraba, kwa kawaida sentimita 1 kwa kila sentimita 10, na wa kulinganisha mifuko na orodha kabla haijapakiwa. Anayechora achore anachokiona, na mahali ambapo mpaka wa tabaka haueleweki aweke mstari wa nukta badala ya kujifanya ana hakika.

Daftari la siku huandikwa na kila mtu mwenye mraba, kwa sentensi kamili. Aandike alichoamua, sababu yake, na pia alichokikataa: "Nilidhani ni shimo la nguzo, nikaligawa, nikaona linapinda kuelekea kusini, naliita njia ya fuko." Sentensi ya namna hiyo ndiyo itakayomwezesha msomaji wa baadaye kubishana nawe, na mwenye daftari lisilobishika huwa hakuandika cha kutosha.

Mwishowe funika. Pande za turubai zibanwe kwa magunia ya mchanga, wala si kwa mawe, kwa sababu jiwe likiporomoka usiku litaanguka juu ya kile ulichokiacha wazi. Wakati wa vuli chimba kijito kidogo upande wa juu wa mteremko ili maji yapite kando. Kisha, kabla ya kuingia garini, andika kwenye ukurasa mpya swali la kesho la mraba wako, ukilitaja kwa ukuta na kwa kina, ili atakayefungua daftari saa moja asubuhi ajue pa kuelekeza macho.